Kufungua pine ya trakta nyumbani

Ndugu mfanyakazi, una trakta ya zamani shambani, na siku ya Mungu unataka kufungua pine mwenyewe. Gurudumu la nyuma lililotiwa maji ndani linaweza kupita kilo 300. Usimwite mtoto alishike. Ita wanaume wawili. Chini ya ekseli weka mabao manene: kriki peke yake huteleza, tofali hupasuka.

Mbele ya kugusa chuma cha kufungulia, toa kisindano cha valvu, ungoje upepo wote utoke.

Katika kujaza ndipo watu hufa. Pakaza ukingo wa pine maji ya sabuni. Ukikataa kukaa kwenye janti, usipitishe bari 2,5: toa upepo, pakaza tena, anza upya. Tumia mpira mrefu wa kompresere, simama mbele ya meno ya pine, kamwe si ubavuni. Wengine humwaga esansi na kuwasha kiberiti ili ukingo uruke mahali pake. Na bibi anapika pale karibu!

Mtu akigongwa tumboni au kifuani, hata akisema hana kitu, mlete hospitali siku ile ile. Damu inayovuja ndani haionekani. Asipewe pombe ya kupoza maumivu.