Njia ya Mgonjwa Kutoka Nyumbani Hadi Kituo cha Basi

Mwaka 1994 Thaddeus na Maine walibainisha ucheleweshaji wa aina tatu unaochangia vifo vya wajawazito: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Wa pili huhusu barabara, chombo na nauli, mambo ambayo daktari wodini hana dawa yake.

Kwa mkopo wa Benki ya Dunia, Dar es Salaam ilijenga awamu ya kwanza ya mabasi yaendayo haraka, takriban kilomita 21, iliyoanza kuhudumia abiria mwaka 2016. Sakafu za vituo vyake ziliinuliwa zilingane na za basi, ili mwenye kiti cha magurudumu aingie bila kubebwa. Lakini basi haliendi mlangoni kwa mtu. Kati ya nyumba na kituo huenda pana mtaro usio na kivuko, na hapo ndipo mgonjwa wa kiharusi anapoikatia tamaa kliniki yake.

Kivuko hicho hakihitaji mkopo wa kimataifa. Upangaji wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo huanzia mtaani, ambako wakazi hutaja vikwazo vyao. Hupitia Kamati ya Maendeleo ya Kata hadi halmashauri, ambayo mwaka wake wa fedha huanza Julai 1. Mgonjwa asipohudhuria mkutano (na mara nyingi kinachomzuia ni mtaro uleule), kikwazo chake hakiandikwi. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anamfahamu. Amwulize amefikaje, amelipa nauli kiasi gani, amekwama wapi. Kisha ayafikishe majibu hayo mkutanoni kabla bajeti haijafungwa.