Ipange Siku Yako Kama Siku ya Baharini

Miezi ya kwanza ya kustaafu ni mitamu. Unalala hadi usingizi uishe wenyewe, unawatembelea ndugu uliowaahidi miaka nenda rudi, unapaka geti rangi. Kisha rangi inakauka, ndugu wanarudi kwenye shughuli zao, na Jumanne inaanza kufanana na Ijumaa. Hapo ndipo wengi wetu tunapoanza kudhoofika, hata wale wenye pensheni ya kutosha na afya njema, kwa sababu hakuna kinachotudai tuvae viatu asubuhi.

Liko kundi la wazee waliolipatia jambo hili dawa bila kukusudia. Ni wapenzi wa safari za meli za kitalii. Huko Uingereza, Marekani na Ujerumani, wastaafu wengi wameifanya meli kuwa starehe yao kuu: wanadunduliza, wanaondokea Southampton, Miami au Hamburg, wanarudi nyumbani na kuanza kuhesabu siku za safari nyingine. Waulize wakongwe wao wanapenda nini hasa. Wachache watakutajia mabwawa ya kuogelea au ngazi za kifahari. Wengi watakwambia wanapenda siku ya baharini, yaani siku ambayo meli haitii nanga popote na hakuna cha kutazama isipokuwa maji.

Mimi pia nazipenda safari hizi, na nimekuja kuamini kwamba utamu wa siku ya baharini unatokana na mpangilio wake: siku imegawanywa kwa saa, na katika kila saa kuna watu. Hayo mawili hayahitaji bahari. Yanaweza kufanyika Tabora, Moshi, Kisumu au Bujumbura, kwa fedha kidogo sana.

Anza na ratiba. Melini, jioni mhudumu akija kutandika kitanda huacha karatasi yenye mambo yote ya kesho yake. Kampuni ya P&O Cruises karatasi yao waliipa jina la Horizon, Princess wakaita Princess Patter. Siku hizi ratiba nyingi zimehamia kwenye simu, lakini wazee bado huulizia karatasi, kwa kuwa raha yake ni kuisoma kitandani ukiwa na kalamu mkononi. Humo mna mhadhara wa asubuhi, mafunzo ya kucheza dansi, chemsha bongo, muziki wa jioni. Hakuna anayehudhuria vyote. Mzoefu huzungushia duara viwili au vitatu, basi.

Fanya hivyohivyo kwa daftari la shule la kurasa mia. Kila usiku baada ya taarifa ya habari, andika mambo matatu ya kesho: moja la mwili, moja la mikono au akili, na moja linalokukutanisha na mtu. Kila jambo lipe saa yake. Ukiandika “kumwagilia bustani” utamwagilia ukikumbuka. Ukiandika “saa moja asubuhi, mchicha” utaamka. Kama wewe ni Muislamu, vipindi vya swala tayari vimekugawia siku vizuri kuliko ratiba ya meli yoyote, kwa hiyo pachika mambo yako katikati yake. Usizidishe manne. Mstaafu anayejipangia mambo kumi amejirudisha ofisini.

Sasa nije kwenye jambo ninalolipenda kuliko yote. Saa sita mchana, katika meli nyingi, sauti ya nahodha husikika kwenye vipaza sauti. Anaeleza meli ilipo kwa latitudo na longitudo, kina cha maji, upepo unatoka upande gani na kwa nguvu gani, na umbali uliobaki. Abiria hana la kufanya na taarifa hiyo. Hakuna atakayeitwa kushika usukani. Hata hivyo utawaona wazee wameweka karata chini na kuinua vichwa, wengine wanaandika kwenye vitabu vyao vya kumbukumbu. Kwa dakika mbili, watu wote waliomo melini wanajua kwa pamoja wako wapi.

Jipatieni tangazo hilo. Tafuta wenzako wanne au watano mliostaafu, hata kama mnaishi mikoa tofauti, mfungue kundi la WhatsApp la kazi hiyo moja tu. Kila wiki mmoja wenu ni nahodha. Saa sita kamili anatuma ujumbe wa sauti usiozidi dakika mbili: hali ya hewa alipo, bei ya nyanya sokoni, nani kasafiri, nani ana kliniki kesho, nani kapata mjukuu. Wengine wote wanajibu neno moja, “Nipo.” Asiyejibu hadi saa nane anapigiwa simu. Akiwa bado kimya hadi saa kumi, aliye karibu naye anakwenda kubisha hodi. Mwenye simu ndogo asiachwe nje. Nahodha ampigie kabla ya kurekodi. Hotuba za siasa, jumbe za tiba zinazosambazwa na picha za maua za kila alfajiri ziende makundi mengine, maana siku tangazo litakapofukiwa na hayo, mtu atakuwa kimya na hakuna atakayegundua.

Kwa mjane au mgane anayeishi peke yake, nafikiri hili peke yake linatosha kuifanya makala hii iwe na faida. Wazee wengi wanaoanguka bafuni huumia zaidi kwa kuchelewa kuonekana.

Kutembea hakuhitaji maneno mengi. Kwenye Queen Mary 2, meli ya kampuni ya Cunard iliyoanza safari mwaka 2004 na ambayo huvuka Atlantiki kutoka Southampton hadi New York kwa siku saba, sitaha ya saba inazunguka meli nzima, na mizunguko mitatu ni kama maili moja. Wazee huianza kabla ya kifungua kinywa na husalimiana kila wanapopishana. Wewe pia chagua mzunguko, usichague safari ya kwenda na kurudi: mtaa wako, au uwanja wa shule. Faida ya mzunguko ni kwamba goti likikataa, nyumbani si mbali. Nenda saa ileile kila siku. Baada ya wiki mbili utakuwa na watu wa kusalimiana nao.

Kuna pia chai. Cunard huandaa chai ya alasiri saa tisa na nusu, na wahudumu huja wamevaa glavu nyeupe. Nyumbani toa vile vikombe vya kabatini vinavyosubiri wageni, tandika kitambaa, ukae mezani. Mkate wa kumimina au kashata kidogo. Mwenye kisukari achemshe mchaichai bila sukari, ale karanga. Mume na mke waliozoea kila mmoja kunywa chai mbele ya kazi yake watashangaa ni mambo mangapi walikuwa hawajaambiana.

Jambo jingine la melini ni meza ya picha ya vipande. Kwenye kona ya maktaba kuna picha kubwa iliyokatwa vipande mia kadhaa, haina mwenyewe. Anayepita anaketi, anaunganisha viwili vitatu, anaongea na aliyemkuta, anaondoka. Wanaume wa kwetu hatujambo hapo, kwa kuwa kijiwe cha bao, drafti au dhumna kipo karibu kila mtaa. Wanaohitaji kufikiriwa ni kina mama waliotumikia ofisi miaka thelathini. Wakistaafu hawana baraza: jirani zao hawawajui vizuri, na vikundi vya mtaa vilianza zamani bila wao. Dada uliyestaafu, weka kazi isiyokwisha upesi mahali panapoonekana, kama ukili wa mkeka, shuka la viraka vya vitenge, au mboga za kuchambua kwa wingi, na acha nafasi ya mtu wa pili kuketi. Atakuja.

Melini pia hutolewa mihadhara, na mara nyingi wanaoitoa ni wataalamu waliostaafu. Sisi tumejaa elimu inayozikwa bila kusikilizwa. Kundi lenu likutane mara moja kwa mwezi, hata kama ni kwa simu, mmoja aeleze nusu saa jambo analolijua: aliyekuwa fundi wa reli, mkunga, karani wa mahakama. Ukikosa mada, anza na meli ya Liemba. Iliundwa mwaka 1913 huko Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipandevipande, ikapakiwa kwenye masanduku hadi Dar es Salaam, ikapelekwa kwa reli Kigoma na kushushwa Ziwa Tanganyika mwaka 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha isitekwe, baada ya mafundi kuipaka mitambo yake grisi. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na 1927 ikarudi kazini kama Liemba. Karakana iliyoiunda, Meyer Werft, mpaka leo ipo Papenburg, na sasa inaunda baadhi ya meli kubwa za kitalii duniani. Nusu saa haitawatosha.

Kuna zoezi ambalo abiria wote hulifanya, wapende wasipende: la kujua kituo chao cha kukusanyika na namna ya kuvaa jaketi la kujiokolea. Baada ya meli ya Costa Concordia kugonga mwamba nchini Italia Januari 2012 na watu 32 kufa, kanuni zilikazwa. Zoezi sasa hufanyika kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka. Nyumba ya mstaafu nayo iwe na zoezi lake. Andika karatasi moja ya dawa unazotumia na vipimo vyake, maradhi yako, namba ya bima, na namba za simu za watu wawili, uibandike ndani ya mlango wa kabati la jikoni. Ufunguo wa akiba uwe kwa jirani unayemwamini. Mwonyeshe mjukuu karatasi ilipo.

Haya hayakuzuii kupanda meli yenyewe, na huna haja ya kuanzia Southampton. Mwanza hadi Bukoba kupitia Kemondo kuna MV New Victoria, meli iliyoanza kazi ziwani mwaka 1961, ikakarabatiwa upya na kurudi mwaka 2020 ikiwa na uwezo wa kubeba abiria 1,200. Huondoka jioni, ukalala njiani. Waganda wana MV Kalangala kutoka Nakiwogo, Entebbe, hadi visiwa vya Ssese. Boti ya Dar es Salaam na Unguja ni kama saa mbili tu, lakini nenda asubuhi mkiwa wawili watatu, mle chakula cha mchana mjini, mrudi jioni: hiyo tayari ni safari. Kwenye meli ya usiku omba kitanda cha chini, na popote kaa sehemu ya katikati ya meli, ambako mtikisiko hupungua. Dawa zako zikae kwenye mkoba wa mkononi, kamwe zisiwe kwenye mzigo. Kati ya Juni na Agosti kusi huvuma kwa nguvu kwenye mkondo wa Unguja. Anayechafukwa na moyo anywe dawa kabla ya kupanda, na amuulize mfamasia kwanza, kwa kuwa nyingi huleta usingizi na hazipatani na baadhi ya dawa za wazee.

Anayetamani meli kubwa za Ulaya ajue mambo machache. Bei inayotangazwa huwa ni ya mtu mmoja katika chumba cha watu wawili, na anayesafiri peke yake mara nyingi hulipa karibu maradufu, kwa hiyo tafuta mwenza. Chumba kisicho na dirisha ndicho cha bei nafuu, na mtu anayeshinda sitahani hapotezi kitu. Viza iwe ya kuingia zaidi ya mara moja, maana meli ikitoka eneo la Schengen na kurudi umeingia upya. Bandarini rudi mapema. Meli haimsubiri aliyetoka kivyake. Na kiinua mgongo kisiguswe. Safari ilipwe na akiba iliyowekwa kwa ajili hiyo, au isubiri.

Usipokuwa na nauli kabisa, bado meli unaweza kuzitazama. Katika bustani ya Mama Ngina, Mombasa, zinapita karibu sana zikiingia Kilindini, na Dar es Salaam mlango wa bandari ni mwembamba kiasi kwamba ukisimama upande wa Feri unasoma jina ubavuni. Programu za simu kama MarineTraffic zitakuonyesha meli ilikotoka na inakokwenda. Miezi ya kaskazi ndiyo yenye meli nyingi za kitalii katika pwani yetu.

Lakini usingoje kaskazi. Leo usiku andika majina ya wenzako wanne, uwapigie simu kesho asubuhi, na nahodha wa wiki ya kwanza uwe wewe.