SOMO: KADI ZA MAANDISHI KWA FILAMU YA WANAFUNZI



Siku hizi wanafunzi wetu, kutoka Nyeri na Karatina hadi Nanyuki, Kerugoya na Chuka, wanaweza kutengeneza filamu fupi kwa simu ya mkononi. Shule nyingine hupeleka kazi yao kwenye Tamasha la Kitaifa la Drama na Filamu la Kenya. Wakikosa mahali pa kupiga picha, huja kwetu vikundi. Tunawapa boma, viti, chai, hata wazee wa kuigiza. Basi wakirudi kuomba pesa za kuandikisha majina, tusikimbilie mfuko wa kikundi. Kazi hiyo twaweza kuifanya pamoja nao kwa mikono.

Kadi ya maandishi ni nini?

Ni maneno yanayojaza skrini kwa muda mfupi. Kuna za aina tatu: jina la filamu mwanzoni, maneno ya katikati, kama "Mwaka mmoja baadaye", na majina ya waliosaidia, mwishoni. Kabla filamu za sauti hazijaenea mwishoni mwa miaka ya 1920, hata maneno ya waigizaji yaliandikwa kwenye kadi.

Vifaa

Cha bei rahisi kabisa ni ubao wa darasa na chaki. Ufute kwa kitambaa chenye maji, uache ukauke. Cha pili ni manila nyeusi, au ya kawaida iliyopakwa rangi nyeusi isiyong'aa. Karatasi ya A1 (sentimita 84 kwa 59) hutoa kadi 3 za sentimita 48 kwa 27, na umbo hilo ndilo la kawaida la video ya simu ikilazwa. Cha tatu ni shamba lenyewe: panga punje za mahindi meupe juu ya kitambaa cheusi, ziwe herufi. Filamu inayohusu njaa au soko itapendeza sana hivyo.

Hatua za kufuata

1. Andika maneno kwanza kwenye daftari. Kadi moja isizidi mistari 3 wala maneno 12.
2. Chora mistari kwa penseli na rula. Acha sentimita 5 kila upande, maneno yasikatwe.
3. Herufi ziwe na kimo cha sentimita 3 au zaidi. Nyeupe juu ya nyeusi husomeka vizuri.
4. Bandika kadi ukutani kivulini. Asubuhi ya mawingu, kama zile za Julai huku kwetu, ina mwanga mzuri. Usiwashe taa ya simu, itang'aa juu ya kadi.
5. Laza simu, uiegemeze kwa vitabu juu ya meza, ielekee katikati ya kadi. Simu ikiona weusi mwingi huongeza mwanga, na weusi hugeuka kijivu. Gusa herufi nyeupe kwenye skrini, kisha punguza mwanga.
6. Piga kila kadi sekunde 15, mtakata baadaye. Katika filamu ibaki muda wa kuisoma kwa sauti, polepole, mara 2.
7. Mpe mzee au mama asiyeijua hadithi aitazame kwenye simu. Akishindwa kusoma, andikeni upya. Manila si ghali.

Na wasiosoma je?

Jambo hili lilifikiriwa zamani. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Tanganyika, mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment ulitengeneza filamu za mafunzo kwa watu wa vijijini. Maelezo yalitoka kwenye sahani za santuri, kwa lugha za watazamaji. Sisi leo twaweza kufanya hivyo kwa urahisi zaidi: mwanafunzi mmoja aisome kila kadi kwa sauti, kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani.

Majina ni heshima

Hapa ndipo penye uzito. Aliyepika chai, aliyeazima ng'ombe, aliyefungua nyumba yake, wote hawakulipwa. Malipo yao ni hilo jina, sekunde chache tu. Likikosewa, ni afadhali lisingeandikwa. Gĩkũyũ, Kimeru na Kiembu zina herufi ĩ na ũ, ambazo simu nyingi huziruka. Kwa mkono, kale ka-mstari ka juu hakagharimu kitu. Lakini wengine huandika Muthoni, wengine Mũthoni. Mwenye jina ndiye mwamuzi, kwa hiyo aulizwe, na aione kadi kabla haijapigwa picha.

Tena kuna jina lisilofaa kuandikwa. Kama kisa ni cha kweli, cha mtoto aliyeumizwa au mama aliyefukuzwa kwake, jina lake lifichwe, na la boma lake pia. Kijijini watu hutambuana upesi, na filamu ikishaingia kwenye simu za watu haitarudi.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Ni nani husaidia kazi zetu bila kutajwa kamwe?
2. Kadi zetu ziwe za lugha gani, na kwa nini?
3. Kabla ya kumpa mwalimu ruhusa ya kutumia boma, tumwombe atuahidi nini kuhusu majina yetu?