Dondoo muhimu: Kasha la mwanga wa kuchapia bodi za saketi

Fundi wa redio wa Kamina, mwenye paneli ya jua na bateri ya volti 12, anaweza kujiundia kasha hili bila kungoja umeme wa mji. Tafuta taa za LED za urujuanimno, nanomita 395 hivi. Ziunge tatu tatu kwa mfuatano, kila kundi na rizista yake.

Kwenye rizista usiharakishe. Taa tatu hula karibu volti 10. Bateri inapochajiwa mchana hufika volti 14.4, na rizista ya omu 100 itapitisha zaidi ya miliampea 40, maradufu ya kiwango cha LED ndogo za kawaida. Weka omu 220. Mwanga utapungua bateri ikishuka, lakini taa zitadumu.

Juu weka kioo cha dirisha, juu yake mchoro wa saketi uliochapwa kwenye plastiki angavu, kisha bodi yenye utando unaohisi mwanga. Upande wa mchoro wenye wino ulalie bodi yenyewe, la sivyo mwanga utapenya pembeni na njia nyembamba zitakatika. Muda wa kumulika upime kwa kipande cha bodi hiyo hiyo: kifunike kwa katoni, uisogeze kila dakika, kisha kioshe uone sehemu ipi imetoka safi.

Kwa bodi ambazo utando wake huyeyuka palipopigwa mwanga, oshea soda kali, gramu 7 hadi 10 kwa lita ya maji. Vaa glavu, tumia beseni la plastiki. Soda hula alumini. Na tafadhali, funga kasha kabla ya kuwasha: mwanga huo huonekana hafifu, lakini unaumiza macho.