Kurusha Droni Karuru: Ruhusa Kwanza, Betri Baadaye

Nikiweka video ya maporomoko ya Karuru, watu huniuliza nimetumia droni gani. Swali linalopaswa kutangulia ni la ruhusa. Karuru yako ndani ya Mbuga ya Taifa ya Aberdare, na tiketi ya kuingilia mbugani haikupi haki ya kurusha chochote. Huu ndio utaratibu ninaoufuata.

1. Bisha hodi milango yote miwili

Anga ya Kenya inasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA. Mbuga na wanyama wake wako mikononi mwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Kwa KCAA, chini ya kanuni za mwaka 2020, droni husajiliwa na mwenyewe lazima awe ametimiza miaka 18. Kwa KWS, omba idhini ya maandishi mapema, ukitaja tarehe, mahali, kifaa na sababu. Kama picha ni za biashara, sema wazi, maana masharti yake ni mengine. Ruhusa ya mmoja haisimami badala ya ya mwenzake.

Mimi hubeba nakala za karatasi, kwa kuwa mtandao wa simu mlimani si wa kutegemea. Nikifika langoni, namsalimu afande na kumkabidhi barua kabla hajaniuliza. Akisema leo haiwezekani, siku hiyo sirushi.

2. Pima kimo kutoka ardhini

Hapa ndipo wengi huvunja sheria bila kujua. Mwisho wa kimo ni futi 400, yaani takriban mita 120, kutoka ardhi iliyo chini ya droni. Rimoti nyingi huhesabu kuanzia pale uliporushia.

Karuru hushuka kwa ngazi tatu: mita 117, kisha 26, kisha 130, jumla mita 273. Ukirushia juu, penye mdomo wa maporomoko, na kuipeleka droni mbele bila kuipandisha, rimoti itaonyesha sifuri. Lakini ikishapita ngazi ya kwanza tu, chini yake pana mita 117, na kiwango kimekaribia kwisha. Ikipita ngazi zote, iko mita 273 kutoka ardhini, zaidi ya mara mbili ya kinachoruhusiwa. Ukiishusha ifuate bonde, ukingo unaikinga na macho yako, na kanuni inataka uione muda wote. Kwa hiyo mimi hubaki na mdomo wa maporomoko na ngazi ya kwanza. Picha hiyo inatosha.

3. Waachie watu nafasi

Usirushie kwenye jukwaa la kutazamia. Kanuni inataka mita 50 kutoka kwa watu na majengo yasiyohusika na kazi yako. Tafuta uwazi pembeni, na aliyekuja kusikiliza maji asisikilize propela zako.

4. Heshimu maji na baridi

Maji yanayoanguka huvuta hewa kuelekea chini, na droni iliyokaribia sana huvutwa nayo. Vihisi vya tumboni hudanganywa na maji yanayotembea, na manyunyu huingia kwenye mota. Kaa mbali, tumia lenzi kuvuta picha. Baridi ya Aberdare hupunguza nguvu za betri, kwa hiyo zangu hukaa mfuko wa ndani wa koti hadi dakika ya kurusha, nami huteremsha droni mapema. Ukungu ukianza kupanda bondeni, kazi imeisha.

5. Mnyama akitokea, shusha

Kandokando ya Maasai Mara, shirika la Mara Elephant Project limetumia droni kuwaondoa tembo mashambani, kwa sababu tembo huukimbia mlio wake. Fikiria basi mlio huo juu ya tembo na ndama wake katika msitu ambao ni makao yao. Tembo, nyati au tai akionekana, irudishe droni kwa njia isiyomkaribia, na usimfuate hata kwa sekunde kumi.

Ukikosa idhini, iache droni nyumbani na uende hivyo hivyo. Kutoka jukwaani utayaona Karuru kwa macho yako, na Gura ng'ambo ya bonde. Tafadhali usirushe kwa kujificha: kila anayekamatwa anawafungia mlango wengine waliofuata utaratibu, na kila mnyama anayetishwa hana pa kupeleka malalamiko.