Kitoweo cha pori Bariadi: Halali au kibudu?

MUISLAMU anayehamia Bariadi kikazi, awe mwalimu, muuguzi au mnunuzi wa pamba, hachukui muda kabla hajakutana na kitoweo cha pori. Mara jirani kaleta sungura, mara vijana wanapita wameshika kindi wawili watatu kwa mikia, mara mtu anabisha hodi na kimoro, yaani nyama kavu ya pori, kwa bei ya chini kuliko ya buchani. Swali linaloulizwa ni lile lile: mnyama huyu analiwa? Kwa maoni yetu, swali lenye uzito zaidi ni hili: amekufaje?

Kuhusu mnyama mwenyewe hakuna tabu kubwa. Anas bin Malik (r.a.) amesimulia jinsi walivyomkurupua sungura mahali paitwapo Marr Dhahran, karibu na Makka. Watu walimkimbiza hadi wakachoka, Anas akamkamata, Abu Twalha akamchinja na kumpelekea Mtume (s.a.w.) mapaja, naye akayapokea. Ama kindi, ambaye wengine humwita kuchakulo, wanazuoni wamekhitalifiana. Lakini kauli iliyo sahihi katika madhehebu ya Imam Shafii, yanayofuatwa na wengi wetu Afrika Mashariki, ni kwamba analiwa.

Sasa tazama wanavyowindwa. Kijana anamrushia sungura rungu, anaanguka amekufa. Mwingine anatega tanzi la waya jioni na kulifuata asubuhi. Wa tatu anampiga kindi kwa manati juu ya mti, anadondoka na kufia chini. Aya ya 3 ya Suratul Maaidah imewataja wote hao: aliyekufa kwa kunyongeka, kwa kupigwa na kwa kuanguka. Wote ni haramu, isipokuwa yule aliyewahiwa angali hai akachinjwa. Mtume (s.a.w.) alimfafanulia Adiy bin Hatim (r.a.) kwamba silaha ikimpiga mnyama kwa makali yake ikamtoboa, huyo ataliwa, ikimuua kwa ubapa, asiliwe. Rungu halina makali, wala kokoto ya manati haina. Tena kurusha vijiwe kwa vidole Mtume (s.a.w.) alikukataza, akaeleza kuwa hakuwindi mnyama bali huvunja jino na kutoboa jicho. Wazazi wenye watoto wa manati wanajua maana yake.

Mbwa je? Mbwa aliyefunzwa, akatumwa kwa Bismillahi na asile alichokamata, mawindo yake ni halali hata akiyaua. Tatizo la vijijini ni kwamba mbwa wa nyumba tano huachiwa pamoja, na waliotajiwa jina la Allah ni wawili au hakuna kabisa. Adiy aliambiwa kwamba mbwa wake akichanganyika na wengine na mnyama akafa, asile, kwa kuwa Bismillahi aliisoma kwa mbwa wake tu.

Wapo wanaojitetea kwa Hadithi ya Bi Aisha (r.a.), kwamba watu walikuwa wakiletewa nyama wasiyojua kama imetajiwa jina la Allah, wakaambiwa wataje wenyewe kisha wale. Ni kweli, lakini walioileta walikuwa Waislamu wapya. Hadithi hiyo haimhusu mtu usiyemjua dini yake, anayekuuzia kimoro gizani. Mwaka 2013 Kanda ya Ziwa ilivurugika kwa mgogoro wa nani achinje, mpaka damu ikamwagika Buseresere, Geita. Ajabu ni kwamba kimoro hakiulizwi hata swali moja.

Na kimoro kina mzigo mwingine. Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012, unapakana na Serengeti na una Pori la Akiba Maswa. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali cha kuwinda, na kukutwa na nyama hiyo bila kibali kunaweza kumfikisha mtu gerezani. Tangu mwaka 2020 kanuni zimeruhusu mabucha ya nyamapori yenye leseni. Kwa hiyo anayetamani ana mlango wa halali, ingawa hata huko aulize nani kachinja.

Aliyempata wake kwa kibali na kumuwahi hai, atumie kisu kidogo kikali, akate koromeo na umio kwa pamoja, asubiri damu iishe. Palipong'atwa na mbwa paoshwe mara saba, moja kwa udongo, kama Mashafii wanavyoelekeza. Manyoya yaloweshwe kabla ya kuchuna ili yasigande kwenye nyama, na vitezi vya makwapani vitolewe maana vinatia harufu. Nyama ya sungura pori haina mafuta, ukiibanika moja kwa moja inakauka kama ngozi. Ichemshwe kwanza kwa chumvi na kitunguu hadi ilainike, ndipo iungwe kwa karanga na kuliwa na ugali wa mtama.