Watoto Wako Hospitali, Nyumba Imenyamaza



Ziko nyumba ambamo kitanda cha mtoto kimekwisha kutandikwa, leso zimekunjwa, jamaa wamepiga simu kuuliza majina, lakini watoto wenyewe hawamo. Mama amejifungua mapacha kabla ya wakati, labda katika wiki ya 30 au ya 32, naye ameruhusiwa kurudi nyumbani mikono mitupu. Watoto wamebaki katika chumba cha watoto wachanga, mmoja huku na mwenziwe kule, kila mmoja na mpira wake mwembamba puani. Katika ukurasa huu tungependa kuzungumza na wazazi wa namna hii, na pia nanyi ambao jirani yenu yumo katika hali hiyo na hamjui mwambieni nini.

Tuchukue mfano wa mume na mke wanaokaa Kibokoni, Mji wa Kale. Mume ni karani katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Watoto wao wako Hospitali Kuu ya Pwani, ambayo watu wa Mombasa huiita Coast General, hukohuko kisiwani. Si mbali. Tuktuk itakufikisha upesi, msongamano ukiruhusu. Lakini umbali unaowasumbua hawa wawili si wa barabara. Mama yuko hospitali tangu asubuhi. Anakamua maziwa kila baada ya saa tatu, anajua kuwa jana mkubwa aliongeza gramu 20 na mdogo hakuongeza kitu. Baba anafika jioni baada ya kazi, anauliza, "Wanaendeleaje?" Naye mama, kwa uchovu, anajibu, "Vilevile." Basi baba huona amefungiwa nje, na mama huona mwenzake hajali. Hakuna aliyekosea, lakini wakiendelea hivyo kwa wiki sita watakuwa wageni wawili wanaolala chumba kimoja.

Wewe mama, usimjibu "vilevile." Mpe habari moja ya kweli: uzito, au kwamba leo mdogo alifungua macho. Na wewe baba, usingoje habari kama mtu anayengoja barua. Ingia ndani. Uliza saa ambazo baba anaruhusiwa, osha mikono mpaka kwenye viwiko, mguse mtoto wako. Wanaume wengi huogopa, wakidhani vidole vyao ni vizito mno kwa mwili mdogo kama ule. Wauguzi wamezoea kumwona baba akisimama mlangoni na mfuko wa matunda asijue aingie au arudi. Ingia tu.

Hapa kuna jambo ambalo baba hana budi kulijua. Katika mwaka wa 1978, mjini Bogotá katika nchi ya Kolombia, daktari Edgar Rey Sanabria aliona hospitali yake ina watoto njiti wengi kuliko inkubeta. Akaanza kuwafunga watoto vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, kama kangaruu anavyombeba mtoto wake. Daktari mwenzake Héctor Martínez akaiendeleza kazi hiyo. Wakati ule wengi waliiona ni njia ya maskini waliokosa mashine. Leo mambo yamegeuka. Utafiti uliotolewa mwaka 2021, uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ulihusu watoto wenye uzito wa kilo 1 hadi chini kidogo ya kilo 1.8. Wale waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, vifo vyao katika siku 28 za kwanza vilikuwa 12 kwa mia. Wale waliongoja kwanza mpaka hali zao zitulie, vifo vilikaribia 16 kwa mia. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likashauri kwamba mtoto njiti awekwe kifuani mapema, kwa saa 8 hadi 24 kila siku, isipokuwa yule aliye mahututi kabisa, kama vile anayepumuliwa na mashine.

Sasa, mapacha ni wawili, na mama ana kifua kimoja. Hapo ndipo baba anapohitajiwa. Kifua cha baba kina joto vilevile. Mtoto avuliwe, abaki na nepi, kofia na soksi, awekwe wima katikati ya kifua, uso umegeuzwa upande mmoja ili apumue, kisha afungwe kwa leso imara. Pwani leso hatuzikosi. Zilizonunuliwa Biashara Street kwa ajili ya sherehe zimepata kazi bora zaidi. Tunadhani hakuna mafundisho ya ndoa yanayozidi haya: mume na mke wamekaa bega kwa bega, kila mmoja na mtoto kifuani. Wakati huo hata ugomvi wa asubuhi hupotea wenyewe.

Mtu atasema, Mombasa ni joto, watoto watapatwaje na baridi? Hilo ni kosa la kawaida. Mtoto njiti hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi, na joto linamtoka upesi, hasa akiwa majimaji au akipigwa na feni. Mwili wake unatakiwa uwe kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Jasho lako wewe halikuambii lolote juu ya miguu yake. Na usiku wa kusi, mwezi wa saba, hata mkubwa hujifunika.

Kisha lipo jambo gumu ambalo wazazi wa mapacha hawaambiwi mapema. Mara nyingi mmoja huwa tayari kabla ya mwenziwe. Madaktari hawaangalii tarehe tu. Wanaangalia kama mtoto anahifadhi joto lake nje ya inkubeta, kama ananyonya au kunywa kwa kikombe bila kuchoka, kama anaongeza uzito siku kwa siku, na kama haachiachi kupumua. Msihesabu siku kwa vidole tangu siku ya kuzaliwa. Zitayarisheni nyoyo zenu kwa tarehe ile ambayo mimba ingetimia, na wakitoka kabla ya hapo mshukuru. Basi siku inafika, mmoja anaruhusiwa na mwingine anabaki. Furaha na uchungu vinaingia nyumba moja kwa mlango mmoja. Mama anataka kubaki hospitali kwa yule mdogo, lakini huyu wa nyumbani naye ananyonya. Baba anasema, "Angalau mmoja ametoka," naye anadhani amefariji. Mama anasikia kana kwamba yule mwingine amesahauliwa. Semeni mapema, kabla ya siku hiyo, nani atakuwa wapi. Ulizeni kama hospitali inaweza kuwaweka wote wawili pamoja na mama katika wodi ya kangaruu mpaka watoke pamoja. Isipowezekana, baba achukue zamu yake kifuani kwa aliyebaki, na maziwa yaliyokamuliwa yapelekwe katika chombo safi kilichofunikwa. Sheria ya kazi ya Kenya ya mwaka 2007 humpa baba wiki mbili za likizo yenye malipo. Msizitumie zote wiki ya kwanza ya wasiwasi. Mkiweza kupatana na mwajiri, wekeni nyingine kwa wakati huu. Mama hupewa miezi mitatu, na wiki za hospitali huila likizo hiyo. Tanzania mwaka 2025 ilibadili sheria yake ili mama aliyejifungua kabla ya wakati aongezewe siku. Wabunge wetu wangeitazama.

Juu ya ubatizo, wazazi wengi huuliza kwa siri. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 867, inasema mtoto aliye katika hatari ya kufa abatizwe bila kukawia. Ikiwa padre hapatikani, mtu yeyote mwenye nia ya kufanya lifanyalo Kanisa anaweza kubatiza: baba, mama, muuguzi, hata muuguzi asiye Mkristo, jambo ambalo katika mji wetu si la kushangaza. Amimine maji kichwani, tone chache safi zatosha kwa mtoto wa namna hii, akisema, "Ninakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Mwambieni muuguzi kwanza, maana mtoto hatakiwi kupoa. Kisha mpeni paroko habari ili ubatizo uandikwe kitabuni. Mtoto akipona habatizwi tena. Ataletwa kanisani kukamilishiwa ibada zilizobaki. Na ikiwa mmoja amekufa kabla hajabatizwa, msikubali mtu yeyote awatishe. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inatufundisha kumkabidhi mtoto huyo kwa huruma ya Mungu, na mpeni jina, maana pacha wake atakuja kuuliza.

Tukija kwa jamaa. Mavyaa atasema, "Kwetu hakuna aliyezaa kabla ya wakati." Mwingine atauliza kama mama alipanda pikipiki, au alikula nini. Mimba ya mapacha huwahi mara nyingi bila kosa la mtu. Wewe mume, neno hilo ni lako kulizima, si la mkeo. Mwendee mama yako kwa heshima, mkiwa wawili tu, umwambie: "Mama, mke wangu hakufanya kosa. Naomba utusaidie kwa kupika." Mpe kazi, naye atatulia. Wala usimwache mkeo akajibu peke yake, halafu ukaja kuamua kesi kama hakimu.

Kuna na habari ya chumbani. Mama aliyekamua maziwa usiku na mchana, pengine na kidonda cha upasuaji, hawezi kuombwa kama zamani. Mwanamume aliyempenda mkewe atangoja bila kununa. Lakini kungoja si kukaa mbali. Kumkanda miguu, kumpa maji ya kunywa anapokamua, kulala karibu naye, hayo pia ni tendo la ndoa kwa maana yake pana. Tahadhari moja kwa wanaofuata njia za asili: kunyonyesha huahirisha mimba vizuri, zaidi ya 98 kwa mia, ikiwa mtoto hajapita miezi sita, hedhi haijarudi, na ananyonya matiti tu usiku na mchana. Lakini mama anayekamua kwa mkono au kwa pampu asiutegemee uhakika huo uleule. Basi zungumzeni na mwalimu wa njia ya Billings mapema, maana mwili wa mama unahitaji kupumzika. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau miezi 24 kabla ya mimba nyingine.

Siku ya kurudi. Mji wa Kale una desturi nzuri ya arobaini, mama mzazi akakandwa kwa maji ya moto na kulishwa supu. Desturi hiyo ishikeni, hata kama siku za hospitali zimekwisha kuila nusu yake. Yapo mawili ya kuacha, hata shangazi akikasirika. La kwanza ni udi na ubani chumbani, kwa kuwa mapafu ya watoto hawa ni machanga na moshi wowote huwaumiza, wa jiko la makaa na wa sigara pia. La pili ni wanja machoni, ambao mara nyingi una risasi ndani yake. Wageni waoshe mikono, na mwenye mafua abaki barazani. Jirani Mwislamu akileta bakuli la uji au wali wa nazi, pokeeni kwa mikono miwili. Akina mama wa CWA na jumuiya waambiwe wazi: afadhali mmoja aje kufua nepi kuliko kumi kuja kutazama.

Chanjo huhesabiwa tangu siku waliyozaliwa. Kukaa na kutambaa huhesabiwa tangu siku waliyotakiwa kuzaliwa, kwa hiyo aliyewahi kwa miezi miwili, akiwa na miezi minne, mlinganisheni na wa miezi miwili. Waliozaliwa mapema sana huhitaji kupimwa macho karibu wiki ya nne, na kama hospitali haikuwaambia, ulizeni. Mtoto akikataa kunyonya, akiwa baridi au moto, akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika, kifua kikibonyea ndani, au akiwa mlegevu, msingoje asubuhi.

Usiku wa kwanza mama atasikia kimya cha mashine na hatalala. Gawaneni usiku: baba hadi saa saba, mama baadaye. Kisha, jumapili moja watoto wakiwa vifuani, jibuni haya ninyi wawili, mmoja akisema na mwingine akinyamaza: Ni siku gani kule hospitali niliyoogopa zaidi, nami sikukuambia? Ni neno gani ulilolisema ambalo bado liko moyoni mwangu? Na je, wakati wa kuwapa majina, ni nani tuliyemsahau kumshirikisha?